Mbingu Mbili Juu ya Lubaga: Mwongozo wa Kutazama Nyota Ukiwa Mjini

Vitabu vingi vya kutazama nyota viliandikwa na watu wa kaskazini kwa ajili ya watu wa kaskazini. Ukivifuata ukiwa Lubaga jijini Kampala, vitakupoteza tangu ukurasa wa kwanza, maana vitakuagiza utafute Nyota ya Kaskazini kisha upimie kila kitu kutoka hapo. Lubaga haifiki hata theluthi moja ya digrii kaskazini mwa ikweta. Nyota hiyo kwetu imelala kwenye upeo wa macho, nyuma ya Kasubi na mapaa yake, na hata ukikesha hutaiona.

Usisikitike. Umekosa nyota moja, umepewa nyingine zote. Mtu wa London hataiona Salibu ya Kusini mpaka asafiri, na mtu wa Cape Town halioni kundi la Dubu Mkubwa likiwa zima. Wewe uliye juu ya paa lako Lungujja au Mutundwe unayaona yote mawili usiku mmoja. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako: mtu wa mjini, mwenye taa za majirani pande zote, asiye na teleskopu, na ambaye kesho asubuhi ana kazi.

Jua umesimama wapi

Kabla ya kuinua macho, zitambue pande zako. Ukiwa Lubaga, mji wenyewe uko mashariki na kaskazini-mashariki: Mengo karibu, Namirembe na mnara wa msikiti wa Old Kampala, kisha Nakasero na maghorofa yake. Upande huo anga huwa na mng'ao wa taa usiku kucha, na nyota inayochomoza huko inabidi uisubiri ipande. Magharibi ni Nateete na Busega, na kaskazini-magharibi ni kinamasi cha Lubigi, ambacho hakina taa nyingi ila kina ukungu wake wa usiku. Kusini, ukishavuka mwanga wa Ndeeba na Najjanankumbi, kuna Ziwa Viktoria, na ziwani hakuna taa za barabarani. Kwa hiyo vitu hafifu vitafute kusini na magharibi, na vya mashariki uvipe muda.

Kama hujui kaskazini ni wapi, tazama msikiti ulio karibu umeelekea upande gani. Kwa mtu wa Kampala, Makka iko kaskazini, ikipinda kidogo tu kuelekea mashariki.

Mahali pazuri pa kusimama si lazima pawe juu kileleni. Taa moja ya jirani inayokupiga usoni ina madhara makubwa kuliko taa zote za Nakasero. Tafuta ukuta, tangi la maji au mti wa kuikinga taa hiyo, na usimame kivulini mwake. Paa la zege linafaa kama lina ukingo. Uwanja wa shule unafaa kama mwalimu mkuu ameridhia. Viwanja vya Kanisa Kuu la Mtakatifu Maria, lililojengwa kati ya 1914 na 1925, viko juu na vina mandhari pana, lakini ni mahali pa ibada: omba ruhusa kwanza.

Na usalama. Mtu aliyesimama gizani saa nne usiku na darubini mkononi hana sura nzuri machoni pa watu. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa (LC1), msalimie askari wa jirani, na umwonyeshe mwezi siku ya kwanza. Baada ya hapo atakuwa mlinzi wako. Usielekeze darubini kwenye madirisha ya watu wala kwenye kambi za jeshi. Kalamu ya leza usiirushe angani hata kidogo, kwa sababu ndege zinashuka Entebbe na mwanga huo unampofusha rubani. Nenda wawili au watatu, vaa mikono mirefu, jipake dawa ya mbu.

Usiku gani, saa ngapi

Kampala jua huzama kati ya saa 12:35 jioni na saa 1:10 usiku, mwaka mzima. Kwetu jua linashuka wima, kwa hiyo giza huingia haraka: saa moja na robo baada ya kuzama, usiku umekamilika. Ukitoka saa 2:30 usiku hujachelewa, na ukirudi ndani saa 4:00 utakuwa umeona mengi na bado utaamka mapema.

Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, usiifute kwenye kalenda. Kiangazi kina usiku mwingi usio na mawingu, lakini pia kina vumbi la barabarani na moshi wa majiko na takataka zinazochomwa. Mvua kubwa ya alasiri ikiisha na mawingu yakatawanyika, anga la jioni hiyo huwa limeoshwa. Usiku wa namna hiyo acha kila kitu utoke.

Kikwazo cha pili ni mwezi wenyewe. Hapa kalenda ya Kiislamu ndiyo msaada mkubwa, kwa sababu tarehe yake ni umri wa mwezi. Kuanzia tarehe 20 hadi 29, saa za mwanzo za usiku ni giza. Tarehe 1 hadi 5 mwezi ni mwembamba na unazama mapema. Tarehe 12 hadi 17 vitu hafifu havionekani. Shughulika na sayari, au lala. Kama huna kalenda hiyo, jirani Mwislamu atakuambia.

Halafu kuna zawadi ambayo haina ratiba: umeme kukatika mtaa mzima. Watu watalalamika, jenereta mbili tatu zitaanza kunguruma, na anga litafunguka kwa nusu saa. Weka mkeka karibu na mlango.

Macho kabla ya vifaa

Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 gizani ndipo lizoee. Ukichungulia simu mara moja, unaanza upya. Kwa kusomea ramani, funika tochi kwa karatasi ya plastiki nyekundu, kwani mwanga mwekundu hauharibu macho sana. Programu ya Stellarium, inayopatikana bure, ina rangi nyekundu ya usiku. Iweke ionyeshe Kampala na si mji mwingine, vinginevyo itakupa anga la wenyewe.

Kitu hafifu usikikodolee macho. Tazama pembeni yake kidogo, kwa sababu kando ya jicho huhisi mwanga hafifu vizuri kuliko katikati.

Kipimo cha anga lako ni Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota zilizobanana ambacho jioni za Januari kiko juu, kaskazini kidogo ya utosi. Zihesabu nyota zake bila darubini. Ukipata sita, usiku ni mzuri. Ukiona wingu tu lisilo na nyota moja moja, kuna vumbi au mwezi, na hakuna haja ya kutafuta vitu hafifu zaidi. Wazee wa pwani walipimia majira kwa Kilimia: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Unaweza kukifuata mwenyewe. Kinapotea magharibi jioni za mwishoni mwa Aprili na kurudi mashariki kabla ya mapambazuko katikati ya Juni. Andika mvua ya siku hizo, uone kama usemi wa pwani unafanya kazi huku ziwani.

Anga kwa miezi, saa 3 usiku

*Januari hadi Machi.* Kundi la Jabari liko juu ya kichwa, na nyota zake tatu za mkanda hutazikosa. Mkanda huo umepita karibu kabisa juu ya ikweta ya anga, kwa hiyo Lubaga unachomoza mashariki halisi na kuzama magharibi halisi. Watu wa kaskazini wana nyota ya kuwaonyesha kaskazini. Sisi tuna mkanda wa kutuonyesha mashariki na magharibi. Upande wa kaskazini wa mkanda kuna nyota nyekundu-nyekundu, na kusini yake kuna nyeupe yenye ubluu. Ufuate mstari wa mkanda kuelekea kusini-mashariki, utafika kwenye Shira, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, iliyo umbali wa miaka ya nuru 8.6. Geukia kusini: nyota ya pili kwa kung'aa ni Suheli, ambayo mabaharia wa majahazi wanaijua vizuri. Kusini kidogo ya mkanda, elekeza darubini ya macho mawili uone ukungu mdogo. Humo nyota mpya zinazaliwa.

*Aprili hadi Juni.* Huu ndio msimu wa ikweta. Mwishoni mwa Mei, simama ukitazama kusini: Salibu imesimama wima, theluthi moja ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Kushoto kwake kuna nyota mbili kali. Ile iliyo mbali zaidi na Salibu ni Rijili Kantori, nyota jirani yetu kuliko zote zinazoonekana kwa macho, umbali wa miaka ya nuru 4.3. Sasa geuka nyuma bila kuhama. Kaskazini, kwa kimo kinacholingana au kuzidi kidogo, zile nyota saba za Dubu Mkubwa zimepinduka. Salibu ikisimama wima, mguu wake unaonyesha kusini halisi. Zile nyota mbili za ncha ya Dubu zinaelekeza chini kaskazini, kwenye nyota usiyoiona.

*Julai hadi Septemba.* Nge yuko juu upande wa kusini, na nyota nyekundu moyoni mwake na mkia uliopinda kama mkia wa nge kweli. Nyuma ya mkia huo ndiko katikati ya galaksi yetu. Kutoka Lubaga ile Njia Nyeupe inafichwa na taa. Kama una safari ya Kalangala kwenye visiwa vya Ssese, Ziwa Mburo au Kidepo, ipange iangukie siku zisizo na mwezi kati ya Juni na Agosti, na ulale nje.

*Oktoba hadi Desemba.* Anga la juu ni tulivu. Tafuta mraba mkubwa wa Farasi, kaskazini kidogo ya utosi. Umeme ukikatika, tembeza darubini kutoka pembe yake ya kaskazini-mashariki kuelekea kaskazini uitafute galaksi ya Andromeda. Ni doa hafifu lenye umbo la yai, lakini mwanga unaouona uliondoka kule miaka milioni 2.5 iliyopita.

Sayari: wasafiri wa njia moja

Sayari zote hutembea karibu na njia ya jua. Kwetu njia hiyo inapita juu, haijalala kando kama Ulaya, kwa hiyo tunazitazama kupitia hewa nyembamba zaidi na picha hutulia. Usizitafute kaskazini karibu na Dubu wala kusini karibu na Salibu, hazifiki huko. Nyota humetameta, lakini sayari ikishapanda mwanga wake hutulia.

*Zuhura* ndiyo nyota ya jioni au ya asubuhi. Haiachani na jua zaidi ya digrii 47, kwa hiyo kitu kinachong'aa sana katikati ya usiku wa manane si Zuhura. Ikikaribia kutoweka kwenye anga la jioni, darubini iliyotulia itakuonyesha ikiwa na umbo la hilali. *Utaridi* ni mgumu zaidi, unaonekana kwa siku chache tu karibu na upeo wa macho. Ikweta inakupendelea, kwani unashuka wima badala ya kutambaa ndani ya mwanga wa jioni. *Mirihi* hukaribia dunia kila baada ya miezi 26 hivi, na katikati yake hufifia hadi kuonekana kama nyota ya kawaida. *Zohali* inaonekana kwa macho, manjano na tulivu, lakini pete zake zinahitaji teleskopu ya kukuza mara 30 hivi au zaidi. Mwaka 2025 pete hizo zilitugeukia kwa ubavu zikawa kama mstari, na sasa zinaendelea kufunguka.

*Mshtarii* ndiyo sayari ya kuanzia. Galileo aliielekezea teleskopu Januari 1610 akaona miezi minne ikiizunguka. Darubini ya bei ya kawaida leo inakuonyesha miezi hiyohiyo, kwa sharti moja: mikono isitikisike. Egemeza viwiko ukutani, au funga darubini kwenye ufito. Utaona duara dogo jeupe na vidoa viwili, vitatu au vinne vilivyopangwa mstari.

Chora. Kwenye daftari piga duara katikati ya mstari, weka vidoa mahali ulipoviona, andika tarehe na saa. Rudi kesho yake, saa ileile. Io huizunguka Mshtarii kwa saa 42 na nusu, kwa hiyo usiku unaofuata itakuwa imehamia upande wa pili au imejificha. Kalisto, ulio mbali zaidi, hutumia karibu siku 17. Baada ya wiki mbili za michoro utaanza kutambua upi ni upi bila kuuliza simu. Februari 2027 ni mwezi wa kuwekea alama: Mshtarii na Mirihi zote mbili zitakuwa angavu, zikichomoza mashariki jua linapozama, na zikiwa jirani.

Kununua darubini

Usianze na teleskopu. Zile ndogo za sanduku lenye picha za rangi, zinazojigamba kukuza mara mamia, zina miguu inayotetemeka na lenzi za kukatisha tamaa. Nunua darubini ya macho mawili yenye alama 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Lenzi pana hukusanya mwanga mwingi, na mwanga ndio unaoutafuta.

Ijaribu kabla ya kulipa. Toka nje ya duka, tafuta bango lenye maandishi mtaa wa pili. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka maandishi yasomeke kwa jicho la kushoto. Sasa funga la kushoto, na uzungushe pete ya kioo cha kulia peke yake mpaka nalo lisome. Fungua yote mawili. Ukiona bango moja safi, vizuri. Ukiona mawili yaliyopishana, au kichwa kikianza kuuma, irudishe kaunta hata kama bei imeshuka. Itikise taratibu sikioni. Kikilia kitu ndani, iache. Zenye lenzi nyekundu inayong'aa kama kioo cha mapambo ziepuke pia.

Kwa kuwa kwetu mambo mengi yako juu ya kichwa, shingo itakuuma ukisimama. Lala chali juu ya mkeka, au tumia kiti cha kuegemea.

Mwezi

Kila mtu huutazama mwezi ukiwa mpevu, na huo ndio usiku wake mbaya kwa darubini: mwanga unaupiga usoni, vivuli hakuna, kila kitu bapa. Utazame siku ya sita hadi ya tisa. Fuata ule mpaka wa mwanga na giza. Hapo jua la mwezini ndiyo kwanza linachomoza, na kila shimo na kila mlima una kivuli kirefu. Rudi kesho, mpaka umesogea na milima mingine imeamka.

Picha za vitabuni huonyesha mwezi mchanga umesimama kwa ubavu. Kwetu hulala kama mtumbwi, pembe zikiangalia juu, kwa hiyo ramani ya mwezi igeuze karibu robo duara ndipo ilingane na unachokiona. Madoa meusi huitwa bahari ingawa hayana tone la maji. Katika Bahari ya Utulivu ndiko watu wa kwanza walikotua, tarehe 20 Julai 1969.

Vimondo, na siku ya Mbale

Kwa vimondo weka darubini kando. Unahitaji anga pana, mkeka na subira ya saa nzima. Mvua bora ya vimondo kwetu ni ile ya Desemba 13 na 14, iitwayo ya Mapacha: huanza saa 3 usiku na kushika kasi saa 9 usiku, na asili yake ni asteroidi Phaethon. Ile ya Mei 5 na 6 na ile ya Oktoba 21 na 22 zote zinatokana na vumbi la nyota-mkia ya Halley. Kwa ya Mei amka saa 9 usiku, kwa ya Oktoba anza saa 6 usiku. Ile ya Agosti 12, ambayo vitabu vya Ulaya huisifu kuliko zote, kwetu iko chini kaskazini na haitoi mengi. Ukiwa mjini utaona vichache kuliko namba zinazotangazwa, kwani namba hizo ni za anga jeusi kabisa.

Uganda ina habari yake kubwa ya vimondo, nayo ilitokea mchana. Tarehe 14 Agosti 1992, saa 9:40 alasiri, jiwe kutoka angani lilipasuka juu ya Mbale kwa mshindo, na mawe yakamwagika mjini na vijijini. Kubwa lililookotwa lilikuwa na kilo 27 hivi. Dogo la gramu 3.6 lilipiga majani ya mgomba, likadunda, likamgonga mvulana kichwani, hakuumia. Ni nadra sana duniani kuthibitishwa kwamba mtu amegongwa na kimondo. Kwa wasemaji wa Kiswahili kimondo maarufu zaidi ni kile cha Mbozi nchini Tanzania, bonge la chuma la tani zaidi ya kumi, lakini hakuna aliyekiona kikianguka. Mbale watu waliona, wakasikia, wakaokota.

Ukidhani umepata jiwe la namna hiyo, angalia ganda jeusi jembamba kama lililoungua, uzito usiolingana na ukubwa, na kama linavuta sumaku. Lifunge kwenye karatasi safi, piga picha mahali ulipolikuta, ulipeleke kwa wanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Makerere au wa Entebbe.

Nyota-mkia, setilaiti na uvumi

Nyota-mkia haipiti mbio. Inakaa mahali pake usiku mzima kama nyota, ikisogea kidogo siku hadi siku, na zilizo angavu huonekana zaidi karibu na machweo au mapambazuko. Oktoba 2024 iitwayo Tsuchinshan-ATLAS ilionekana kwa macho upande wa magharibi baada ya jua kuzama. Ya Halley ilipita 1986 na itarudi 2061. Ujumbe wa simu ukisema nyota-mkia itapita leo saa 4 usiku kwa dakika tano, usiusambaze.

Kinachopita kwa dakika tano ni setilaiti. Mwanga mmoja mkali, usiowaka na kuzima, unaovuka anga ndani ya dakika chache huenda ni Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Kutoka humo ndimo setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, iliachiliwa tarehe 2 Desemba 2022. Yenyewe ilikuwa kisanduku cha sentimita kumi, hakionekani kwa macho. Taa nyingi zilizofuatana mstari mmoja ni setilaiti za Starlink zilizorushwa karibuni. Taa nyekundu na kijani ni ndege ya Entebbe. Setilaiti nyingi huonekana saa moja au mbili baada ya machweo au kabla ya mapambazuko, zikiwa bado zinapata jua ambalo sisi limeshatuzamia.

Kupatwa kwa jua na mwezi

Tarehe 3 Novemba 2013 maelfu walikwenda Pakwach kuona jua likifunikwa lote kwa sekunde chache. Tarehe 2 Agosti 2027 litafunikwa lote Luxor kwa zaidi ya dakika sita, na Makka kwa zaidi ya tano. Sisi Kampala tutaona likimegwa sehemu tu. Sheria haina msamaha: usilitazame jua bila miwani maalumu yenye alama ISO 12312-2 au kioo cha mchomeleaji namba 14. Miwani ya kawaida, filamu ya eksrei na maji kwenye beseni havikingi. Darubini isiyo na kichujio mbele yake inapofusha papo hapo. Njia salama ya watoto ni boksi lenye tundu la sindano: picha ya jua huangukia upande wa pili, na wao wamelipa mgongo.

Mwezi hauna hatari. Desemba 31, 2028, utachomoza Kampala ukiwa umeshaanza kumegwa, na kuanzia saa 1:16 usiku utakuwa mwekundu wote kwa zaidi ya saa moja. Mwaka unaisha, watu watakuwa nje hata hivyo.

Daftari

Daftari ni kifaa muhimu kuliko darubini. Kila usiku andika mambo matano: tarehe, saa, mahali, hali ya anga (ulihesabu nyota ngapi za Kilimia, au za Salibu msimu huo), na ulichokiona. Kwa kimondo kikubwa ongeza rangi, kilianzia wapi na kuishia wapi, kilidumu sekunde ngapi, na kama ulisikia mshindo baada ya muda gani. Urefu upime kwa ngumi ya mkono ulionyooshwa, ambayo ni kama digrii kumi.

Habari za Mbale zinajulikana leo kwa sababu kuna waliouliza na kuandika. Watafiti kutoka Uholanzi na wenzao wa Makerere walizunguka vijijini wakiuliza watu walikuwa wamesimama wapi, mawe yaliangukia wapi, moshi ulielekea wapi. Wakulima na wanafunzi wakajibu, na kwa majibu hayo njia ya jiwe lile angani ikapatikana. Kule Nairobi, The Travelling Telescope ya Susan Murabana na Chu Owen hupeleka teleskopu mashuleni ili watoto wazoee kutazama. Lubaga unaweza kuanza na watoto wa ua wako, mkeka mmoja na daftari la kurasa 48. Kuanzia leo, mstari wa kwanza uwe na tarehe.